Seva ya majaribio niliyoijenga Kisumu, na barua iliyofika Port Victoria

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisumu, mvua imetulia kidogo huku.

Mimi humu huwa najibu maswali ya Linux tu, halafu naenda zangu. Leo naandika kitu ambacho ni mke wangu peke yake anayekijua chote. Sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, na mradi sitautaja kwa sababu ulishafungwa na wengine wa pale wametangulia. Yaliyobaki ni vile yalivyokuwa.

Wiki jana mwenzetu mmoja aliuliza kama kuna haja gani ya kutenganisha seva ya development na seva ya kazi, na ofisi yao ni ndogo, watu sita tu. Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikafuta. Jibu langu ni refu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, naishi Kaloleni, hapa hapa Kisumu, kwa nyumba ya council, yaani ya baraza la mji, aliyopanga baba yangu tangu zamani. Nilikuwa nimeoa juzi juzi, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Kazi niliipata kwa mradi uliokuwa unapima damu za watu wa ufuoni, kuanzia Kisumu kuzunguka ziwa mpaka Port Victoria kule Busia. Watu wanatolewa damu kliniki. Chupa zinaletwa Kisumu kwa maabara yetu. Majibu yanaingizwa kwa kompyuta, kompyuta inachapisha barua, barua inafungwa kwa bahasha na kurudi kliniki, na nesi anamsomea mwenyewe wakiwa wawili.

Ugonjwa tuliokuwa tunapima mnaujua. Wakati huo dawa hazikuwepo, angalau si kwa watu wa huku. Kuambiwa una virusi ilikuwa ni kuambiwa uanze kuaga watu.

Mimi ndiye nilikuwa mtu wa kompyuta. Peke yangu. Juu yangu kulikuwa na mkurugenzi, tulimwita Daktari, mtu mpole asiyependa kelele. Maabara iliongozwa na mama mmoja, Madam Adhiambo, mwenye umri wa mamangu. Kila jibu alilipata alikuwa analiandika kwanza kwa mkono ndani ya daftari kubwa jeusi, ndiyo anakwenda kwa kompyuta. Mimi nilikuwa namcheka kidogo. Nilimwambia hiyo ni kazi mara mbili.

Programu ya kuchapisha barua ilikuwa mbovu, ikawa nimepewa kazi ya kuiandika upya. Nikahitaji mahali pa kujaribia bila kugusa data ya kweli. Seva yetu kubwa niliita Nam, yaani ziwa kwa Kijaluo. Kulikuwa na kompyuta ya zamani imewekwa stoo, aina ya 486, nikaamua hiyo itakuwa Nam2, ya development.

Siku hizo, wakuu, hukuandika amri moja ukaletewa kila kitu. Internet ilikuwa Nairobi. Rafiki yangu tuliyesoma naye alidownload source code ya Samba, ile programu inayofanya folda za mashine ya Linux zionekane kwa kompyuta za Windows. Akaigawa kwa floppy mbili, akazifunga ndani ya gazeti, akazituma na basi.

Floppy ya pili ilifika imeharibika. Nikangoja basi la wiki iliyofuata.

Halafu Makefile, ile faili ya maelekezo ya kuijenga programu, unaifungua mwenyewe. Unatafuta mistari ya mfumo wako katikati ya mifumo mingine mingi, unatoa alama ya # mbele yake, unaandika make, unakaa kutazama. Mara ya kwanza ilikatika kwa sababu kuna faili ya header haikuwepo. Mara ya pili ikakatika kwa kosa langu la kuandika. Mara ya tatu ilienda, polepole, faili moja moja, nikanywa chai vikombe viwili ikiwa inaenda tu. Ilipomaliza nikaandika make install, nikatengeneza smb.conf, faili ya mipangilio yake, nikaenda kwa mashine ya Windows ya sekretari. Nam2 ilikuwa pale, imejipanga chini ya Nam.

Nilifurahi kama mtu aliyejenga nyumba. Sitawadanganya, hata sasa nikikumbuka hiyo siku kuna sehemu yangu inafurahi.

Sasa nilihitaji data ya kujaribia. Madam Adhiambo akasema neno la haki kabisa: mimi kama mtu wa kompyuta sina ruhusa ya kuona nani ana nini. Wengine kwenye orodha ni majirani. Akaniambia nitafute njia.

Njia niliyotafuta ni hii. Nilichukua nakala ya faili ya majibu, na majibu ya wiki ile yalikuwa yameshaingizwa, nikaichanganya ile safu ya majibu kama mtu anavyochanganya karata. Majina na namba yalibaki ya kweli, majibu yakawa ya uongo. Kwa hivyo hata nikisoma, sijui lolote kuhusu mtu yeyote. Halafu, ili nisije nikaiharibu nikifanya majaribio, nikaifunga isiandikike. Chmod 444.

Nilijiona nina akili sana. Ningeweza kuweka majina ya kubuni. Ningeweza kuandika neno JARIBIO kila ukurasa. Sikufanya.

Siku mbili baadaye radi ilipiga. Mnajua radi za Kisumu. Nam ikazima na haikuwaka tena. Diski ilikuwa nzima, lakini vyuma vingine viliungua na vilikuwa vya kuagizwa, na tukaambiwa vitachukua mwezi au zaidi.

Daktari alikuja akasimama mlangoni. Hakugomba. Alisema barua za wiki hiyo lazima zitoke kesho asubuhi kwa sababu gari la kliniki linaondoka, akauliza kama ile mashine yangu nyingine haiwezi kusaidia kwa muda.

Nikasema inaweza.

Nilikuwa na backup kwa tepu, ya jioni iliyotangulia. Nikaifungulia ndani ya folda, kisha nikanakili faili zote kuzipeleka pale programu inasoma, juu ya zile za majaribio. Nikabadilisha jina la Nam2 ikawa Nam, ndiyo kompyuta za ofisi zisijue tofauti. Faili zilikuwa nyingi, majina yakapita kwa skrini haraka haraka. Katikati yake kulikuwa na mstari mmoja uliokuwa mrefu kuliko mingine.

Permission denied.

Faili moja ilikuwa imekataa kuandikwa juu yake. Ile niliyoifunga mimi.

Niliuona, wakuu. Hili ndilo nataka mlielewe. Sikusinzia, sikuwa nimeangalia kando. Niliuona ukipanda juu ya skrini na kupotea, nikajiambia itakuwa ni faili ya muda tu, nitaangalia baadaye. Watu watatu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Kompyuta ya sekretari ikafungua H:, yaani folda za seva, bila shida, mtu akapiga makofi.

Barua zilichapishwa. Thelathini na moja. Zikafungwa, zikaondoka.

Mchana Madam Adhiambo akaja kuniambia programu inamkataza kuingiza majibu mapya, ati faili imefungwa. Hapo Mungu alikuwa ananirudishia nafasi mkononi. Nikaandika chmod, nikaifungua, nikamwambia, "Sasa jaribu, Madam." Sikujiuliza ni nani aliyeifunga. Ingenichukua dakika moja kukumbuka kwamba ni mimi.

Ikapita wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita.

Vyuma vilipofika nikawasha Nam ya zamani. Kazi ilikuwa ni kuchukua majibu mapya ya hizo wiki sita na kuyapeleka huko. Kabla ya kuyapeleka nililinganisha faili mbili, kama inavyotakiwa. Nilitarajia mistari ya mwisho tu ndiyo itofautiane.

Zilitofautiana kuanzia juu.

Mtu wa mapokezi alipita akanisalimia na nikamjibu vizuri tu. Halafu nikatoa orodha ya zile barua thelathini na moja, nikazilinganisha moja moja. Nyingi, kwa bahati, majibu yaliangukia pale pale. Tisa zilikuwa za uongo. Watano walikuwa wameambiwa wanao na hawakuwa nao. Wanne walikuwa wameambiwa wako salama, na hawakuwa.

Nilienda kwa Daktari siku hiyo hiyo. Kwa hilo najipa sifa. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Kisha akasema watu wote tisa watafuatwa, damu itatolewa tena, na wataambiwa kulikuwa na haja ya kurudia vipimo. Akaniambia hakuna haja ya kuwaeleza watu mambo ya seva ambayo hawataelewa.

Nilikubali. Nilisikia nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inanitia aibu.

Niliomba niende na gari la Port Victoria, ambako kulikuwa na wawili kati ya wale tisa. Nesi wa kule, Sista Consolata, alitupokea akiwa amekunja uso. Mmoja alikuwa mvuvi, wa wale walioambiwa wako salama. Sista akasema ameoa mwezi uliopita.

Wa pili aliitwa Nabwire. Anauza samaki. Yeye aliambiwa anao.

Damu yake ilikuwa imeshatolewa tena na kupimwa, kwa hivyo Sista alikuwa na jibu tayari. Tulimkuta kando ya banda lake anageuza omena, dagaa wa ziwa, juu ya wavu wa kuanikia. Mwanamke wa miaka kama ishirini na minne, mwembamba. Sista akamvuta pembeni, mimi nikasimama karibu nikishika faili ya ofisi kama mtu mwenye kazi. Akamwambia kulikuwa na makosa, na kwamba yeye hana chochote, hajawahi kuwa nacho.

Nabwire hakulia wala hakucheka. Aliuliza tu, "Kwa hivyo maziwa yangu hayakuwa na kitu?"

Sista akasema, "Hayakuwa na kitu, mama."

Akarudi kwa omena zake.

Ndani ya gari ndipo Sista aliponieleza, na hakunitazama akieleza. Nabwire alikuwa na mtoto wa miezi miwili barua ilipokuja. Ushauri wa wakati huo ulikuwa mama mwenye virusi asinyonyeshe. Sista mwenyewe ndiye alimshauri, alimfundisha kukoroga maziwa ya mkebe na kuchemsha maji. Lakini kuni zilikuwa zimelowa msimu ule na maji ni ya ziwa. Mtoto akaanza kuhara. Siku ya nne akafa. Bwana yake alikuwa ameshahamia ufuo mwingine siku aliposikia habari ya barua, na huko kwa wakwe zake wakasema mwanamke amelisha mtoto ugonjwa.

Nilirudi Kaloleni. Mke wangu akaniwekea chakula, nikala.

Ripoti ilipoandikwa, ilisema kosa la maabara. Sikuiandika mimi, lakini niliisoma, na niliombwa kuichapisha, na nilichapisha. Madam Adhiambo akapewa barua ya kuacha kazi. Aliondoka na mfuko mmoja na lile daftari lake jeusi. Alinipa mkono akiaga, kama alivyowapa wengine.

Nilinyamaza miezi mitatu. Mtoto wetu akazaliwa ndani ya hiyo miezi. Sina cha kuongeza hapo, wenye watoto mtaelewa nilikuwa naona nini kila mke wangu akikaa kunyonyesha.

Siku moja ya Jumamosi nikaenda Mamboleo, nje kidogo ya mji, alikokuwa Madam Adhiambo ameanza kuuza nafaka karibu na njia panda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilipofika nikasema tu kwamba ni mimi.

Alikuwa anapepeta maharagwe. Akaniambia alijua tangu wiki ya kwanza ya ripoti, kwa sababu alilinganisha daftari lake na nakala za barua, na mkono wake anaujua, na mtu wa kompyuta nilikuwa mimi peke yangu. Alimpelekea Daktari daftari, Daktari akamwambia jambo limeshafungwa. Nilimuuliza mbona hakunitaja.

"Nilikuwa nangoja uje," akasema. "Lakini sasa umekuja kwa mtu ambaye si mwenyewe. Mimi nimepoteza kazi. Kuna mtu amezika."

Sikukaa hata kunywa chai.

Nilienda Port Victoria Jumatatu, bila kuomba ruhusa. Nabwire alikuwa pale pale, na alinikumbuka. Nikamwambia nina jambo, na ni refu kidogo. Akanipa kigoda.

Nilimweleza bila maneno makubwa. Kwamba kulikuwa na mashine mbili, moja ya kweli na moja ya kujaribia niliyoijenga mimi. Kwamba kwa ile ya kujaribia nilichanganya majibu kwa makusudi, kwa sababu ilikuwa ni ya mchezo. Kwamba siku ile ya kweli ilipoharibika niliweka ya mchezo mahali pake, na mashine ikaniambia kuna faili moja haijabadilika.

"Ilikuambia?" akauliza. "Kwa maneno?"

"Kwa maneno, kwa skrini."

"Ukayaona."

"Niliyaona."

"Na ukafanya nini?"

"Sikufanya kitu."

Wanawake wa mabanda ya jirani walikuwa wameacha kuongea. Nilifikiri Nabwire atanipiga, na nilikuwa tayari, ningeona ni haki. Badala yake aliuliza kama hayo niliyoyasema naweza kuyaandika. Nikasema ndiyo, ila karatasi ya ofisi sina, wala muhuri. Akasema hataki muhuri. Ile barua ya kwanza ilikuwa na muhuri.

Akatuma aletewe daftari la shule, akang'oa karatasi mbili. Nikaandika juu ya goti. Jina langu kamili, namba ya kitambulisho, ninakoishi, nilichofanya. Niliandika kwamba Nabwire hakuwa na ugonjwa na hakumpa mtoto ugonjwa. Nikasaini.

Alisoma yote polepole, kidole chini ya mstari. Akanirudishia.

"Umeandika mtoto," akasema. "Alikuwa na jina."

Sikulijua. Miezi yote ile nilikuwa nimebeba namba ya mamake kichwani, na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote jina la mtoto. Kwa faili zetu zote hakuwepo, kwa sababu hatukumpima.

"Nafula," akasema.

Nikafuta neno mtoto, nikaandika Nafula.

Halafu akaniambia tutaenda pamoja kwa mama mkwe wake, na nitasoma mwenyewe kwa sauti, kwa sababu yule mama hasomi na yeye Nabwire akisema neno hawamwamini. Tulitembea kama nusu saa. Boma lilikuwa na wanaume wawili, ndugu wa bwana yake, na yule mama mzee amekaa kwenye mkeka. Nilisoma nimesimama. Nilipofika kwa jina nilisoma haraka haraka, nikarudia mstari kuanzia mwanzo, kwa sababu Nabwire alisema rudia.

Ndugu mmoja akainuka akanijia. Yule mama akamwambia akae. Akaomba karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya nguo kifuani. Kisha akamwambia Nabwire kitu kwa lugha yao, kifupi. Mimi sikielewi hadi leo na sikuuliza. Nabwire akaketi kwenye mkeka kando yake, na hapo ndipo alipolia.

Hakuna aliyeniambia niende. Nilienda tu.

Habari ilifika Kisumu kabla ya wiki kuisha, nikafutwa kazi, na ilikuwa sawa. Madam Adhiambo hakurudishwa. Mvuvi yule alifariki, na mke wake baadaye. Wale wengine sijui, na kutojua huko naishi nako.

Sasa kwa yule mwenzetu aliyeuliza. Ndiyo, tenganisha. Jina tofauti, password tofauti, rangi ya skrini tofauti hata. Data ya majaribio iwe na majina ambayo hakuna mama duniani anaweza kuyaitikia akiitwa. Kompyuta ikikuambia kwa mstari mmoja tu kwamba imeshindwa, simama, hata kama mkubwa yuko mlangoni na gari linanguruma nje. Na ukikosea, usitafute maneno ambayo watu hawataelewa. Nabwire alielewa kila kitu nilichomweleza, na alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi.

Nimemaliza. Wenye kunilaumu mnilaumu, nitasoma lawama zote. Na kama kuna mtu humu amewahi kuona mstari kama ule ukipita akanyamaza, aandike hapa chini, au kama hawezi hapa, aende amwambie mwenyewe anayehusika. Kigoda atapewa.